Kuifikia Kanzidata Iliyo Mbali

Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kila kituo cha afya huandika katika vitabu vya MTUHA idadi ya wagonjwa waliotibiwa, watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua. Mwisho wa mwezi hesabu hizo hujumlishwa na kupelekwa mbele. Kwa miaka mingi zilipelekwa kwa karatasi: kutoka Matema au Ipinda hadi Kyela mjini, kutoka Kyela hadi Mbeya, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 900. Masika yalipoingia, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikafurika katika tambarare, karatasi zilisubiri pamoja na magunia ya mpunga. Tangu miaka ya 2010 hesabu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, uliostawishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na huhifadhiwa pamoja kwa ajili ya taifa zima.

Karatasi ilikuwa na sifa moja ambayo hatuna budi kuikiri: mwizi aliyetaka kuisoma alilazimika kufika mahali ilipo. Kanzidata inayofikiwa kutoka mbali haina kinga hiyo. Swali basi ni hili: yafanywe nini ili karani wa Kyela aifikie, na asiifikie mtu mwingine yeyote?

Tuanze na maneno. Kanzidata ni mkusanyiko wa habari zilizopangwa ili zitafutike upesi. Aina inayotumika zaidi hupanga habari katika majedwali, kwa kufuata nadharia aliyoitangaza E. F. Codd mwaka 1970. Seva, kwa maana tunayoitumia hapa, si lile sanduku la chuma bali ni programu inayoitunza kanzidata na kuyajibu maswali. Mteja ni programu yoyote inayouliza. Mfano tutakaoufuata ni wa seva iitwayo PostgreSQL, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na ambayo ndiyo DHIS2 huitumia.

Seva hii inapowekwa kwa mara ya kwanza haimsikilizi mtu wa nje. Husikiliza katika anwani 127.0.0.1 tu, ambayo kwa kila kompyuta maana yake ni «mimi mwenyewe». Ni kama karani ambaye dirisha lake linafunguka kwa ndani ya ofisi peke yake. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kuiamuru isikilize pia katika anwani ya mtandao, kwenye mlango wake wa kawaida ambao namba yake ni 5432. Wengi hufika hapo wakadhani kazi imekwisha.

Kusikia si kuruhusu. Seva ina orodha ya ruhusa, na kila anayebisha hupimwa kwa orodha hiyo kabla ya kujibiwa. Mstari mmoja wa orodha huweza kuwa hivi:

hostssl afya mtakwimu 10.20.4.0/24 scram-sha-256

Neno la kwanza ladai kwamba mazungumzo yote yafichwe kwa msimbo, ili anayetega sikio njiani asipate kitu. La pili ni jina la kanzidata, na la tatu ni jina la mtumiaji. La mwisho ni namna ya kuthibitisha nywila bila nywila yenyewe kupita katika waya. Lakini sehemu inayostahili kuchunguzwa zaidi ni ya nne, na mwanafunzi anayejua vipeo atailewa bila taabu. Anwani ya aina hii ina biti 32. Alama ya /24 yasema kwamba biti 24 za mwanzo hazibadiliki. Zinabaki 8, nazo hutoa anwani 2 kwa kipeo cha 8, yaani 256. Hilo ni jengo moja, au ofisi moja ya wilaya. Fundi aliyechoka, ambaye mteja wake wa mbali anakataliwa kila mara, huandika 0.0.0.0/0. Hapo hakuna biti iliyofungwa, na anwani zilizokaribishwa ni 4,294,967,296. Mteja wake ataingia mara moja, naye fundi atakwenda nyumbani akiwa na furaha.

Ikumbukwe pia kwamba seva husoma orodha kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na mgeni ndio unaoamua. Ikiwa nywila itashindwa hapo, seva haiendelei kutafuta mstari mwingine wenye huruma zaidi. Mstari mpana uliowekwa juu huibatilisha mistari myembamba iliyo chini yake.

Yanayotokea mlango ukiachwa wazi yalionekana mwezi wa Januari 2017. Seva nyingi za aina nyingine, iitwayo MongoDB, zilikuwa zimeachwa zikisikiliza intaneti nzima bila kudai nywila. Wahalifu walizitafuta kwa programu zinazobisha anwani moja baada ya nyingine, wakafuta yaliyomo na kuacha barua ya kudai malipo. Kanzidata zilizoharibiwa zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hakuna kufuli lililovunjwa, kwa kuwa hapakuwa na kufuli.

Je, kompyuta ya Kyela huzungumza moja kwa moja na PostgreSQL? La. Kati yao DHIS2 huweka programu ya tatu. Karani huzungumza na programu hiyo kwa njia ya kurasa za intaneti, nayo peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kuiuliza seva. Usalama ni sababu moja. Ya pili ni ya fizikia. Nuru katika waya wa kioo huenda takriban kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kilometa 1,000 huchukua sekunde 0.01. Kwa setilaiti iliyo kilometa 36,000 juu ya ikweta, swali hupanda na kushuka, na jibu vilevile: kilometa 144,000, karibu nusu sekunde. Ukurasa unaohitaji maswali 200, moja baada ya jingine, ungechukua sekunde 2 kwa waya na zaidi ya dakika moja na nusu kwa setilaiti. Programu ya kati ikikaa kando ya seva, maswali hayo 200 huulizwa ndani ya jengo moja, na safari ndefu huwa moja.

Hata anayestahili kuingia asipewe zaidi ya anachohitaji. Mtakwimu wetu apewe haki ya kusoma, si ya kufuta, na asome majumlisho badala ya majina. Tena majumlisho yenyewe yana hatari yake: katika kijiji kidogo cha mwambao, jedwali lisemalo «mwanamke 1, umri wa miaka 15 hadi 19» pamoja na jina la ugonjwa limekwisha kumtaja mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Shule yenye kompyuta mbili zilizounganishwa yaweza kuyajaribu haya yote kwa kanzidata ya vipimo vya mvua. Weka seva katika moja, ubishe kutoka ya pili, kisha usome kwa makini namna unavyokataliwa. Ukikataliwa papo hapo, aghalabu seva haisikilizi katika anwani hiyo. Ukikaa kimya kirefu mpaka muda ukaisha, yaelekea ukuta wa moto, yaani programu inayochuja mtandao, unameza maneno yako njiani. Na seva yenyewe ikijibu kwamba haina mstari unaokuhusu, basi umefika mlangoni, na kilichobaki ni orodha.