Chemchemi ya Mzima na Maji ya Pwani

Mtu wa Mariakani afunguapo mfereji, na mtu wa Malindi asimamapo mlangoni mwa mto Sabaki, wote wawili hupata sehemu ya maji yatokayo mbali, katika nchi kavu ya Tsavo. Maji hayo yatoka katika chemchemi iitwayo Mzima, iliyo ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Yafaa kila mkaaji wa pwani ajue habari zake, na mwenye uwezo aende akaione.

Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi. Nchi ile ni ya miiba na vumbi, na mvua yake ni haba. Basi mgeni hustaajabu aonapo, katikati ya ukavu huo, ziwa dogo la maji maangavu, likizungukwa na mikuyu na mikindu, mti ule ule ambao majani yake husukwa mikeka huku kwetu. Yakadiriwa kwamba zaidi ya lita milioni 200 hububujika hapo kila siku.

Maji hayo yatoka wapi? Upande wa kaskazini vipo vilima vya Chyulu, ambavyo kilele chake chapita mita 2,000. Vilima hivyo ni majivu na mawe yaliyotapikwa na volkano, nayo yana matundu mengi sana. Mvua inyeshapo juu yake haifanyi mito, bali huzama ndani, kama tui lipitavyo katika kung'uto na kuacha machicha nyuma. Maji hushuka mpaka yakutane na mwamba mgumu wa chini usiopitisha maji, kisha husafiri juu ya mwamba huo, gizani, kilomita zipatazo 50, hata yatokeze Mzima yakiwa yamekwisha chujwa.

Kutoka hapo maji hushika njia mbili. Sehemu moja huingia katika bomba lililojengwa miaka ya 1950 ili kupeleka maji Mombasa. Kwa kuwa Mzima iko juu kuliko pwani, maji huteremka kwa uzito wake yenyewe. Sehemu nyingine huingia mto Tsavo, nao Tsavo hukutana na Athi, na mito hiyo miwili hufanya mto Galana, ambao huku chini twauita Sabaki. Wekundu tuuonao baharini kati ya Malindi na Mambrui si wa Mzima; ni udongo ambao mvua huukokota kutoka mashamba na malisho ya bara. Kando ya mto huo, mahali paitwapo Baricho, vipo visima vinavyopeleka maji Malindi na Kilifi. Wakati wa kiangazi, Athi upunguapo, chemchemi hazikomi kuulisha mto.

Viboko wa Mzima nao wana kazi yao. Usiku hutoka majini kula majani, na mchana hurudi kupumzika. Samadi yao huwa chakula cha wadudu na samaki, na samaki huwa chakula cha mnandi na mamba. Katika ukame wa mwaka 2009 maji hayakukauka, lakini wanyama wengi walikusanyika hapo wakamaliza majani yote, na viboko wengi wakafa kwa njaa. Tujifunze hapa kwamba maji peke yake hayatoshi kuhifadhi uhai, ikiwa nchi iliyoyazunguka imekwisha kuwa tupu.

Msafiri atokaye Kilifi aweza kupita Kaloleni mpaka Mariakani, akashika barabara ya Nairobi hata Mtito Andei, ambako kuna lango la hifadhi. Kutoka langoni hata chemchemi ni mwendo wa kilomita zipatazo 48. Ada hailipwi kwa fedha taslimu, bali kwa simu au kwa mtandao, basi afadhali kuitayarisha kabla ya safari. Hapo chemchemini wageni huruhusiwa kushuka garini na kutembea pamoja na askari wa wanyama, na kipo kijumba kilichojengwa majini chenye madirisha ya kioo, ili kuwatazama samaki. Mtu asikaribie ukingo wala asitie mguu majini, kwani mamba haonekani mpaka ashambulie. Watoto washikwe mikono, na tumbili wasipewe chakula.

Lipo jambo moja zaidi. Watu wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji hutoka katika nchi yao na bomba hupita kwao, hali vijiji vyao vingi vina kiu. Malalamiko hayo yatuhusu sisi tunywao mwishoni mwa bomba. Tena, msitu wa Chyulu ukikatwa kwa makaa au kuteketezwa kwa moto, mvua na ukungu havitapata mahali pa kutua na kuzama. Hasara yake haitaonekana kesho, maana maji ya chini ya mwamba hukawia njiani. Itawafikia watoto wetu, na wakati huo hakutakuwa na dawa ya haraka. Kwa hiyo anayefunga mfereji unaovuja huko Mariakani, na anayezuia moto huko Chyulu, wafanya kazi moja.