Sura ya Sita: Kikao cha Saa Nne Kinapoonekana Saa Tano

Simu inasema kikao ni saa 4 asubuhi. Kompyuta ya ofisini inasema saa 5. Aliyekiandika anaapa hakugusa kitu tangu alipokiandika, na wenzake wanaulaumu mtandao. Mtandao wa Bujumbura una makosa yake, lakini hili si lake. Mtandao mbovu huchelewesha taarifa au huizuia kabisa. Hauwezi kuisogeza kwa dakika 60 barabara. Tofauti ikiwa ni ya saa nzima, acha kuzima na kuwasha modemu, nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya saa za eneo.

Burundi iko saa 2 mbele ya saa ya kimataifa, UTC, na haibadilishi saa mwaka mzima. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele. Kwa hiyo mtu wa Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, akimwalika mwenzake wa Bujumbura kwenye kikao cha saa 5, kalenda iliyo nzima itamwonyesha huyu wa Bujumbura saa 4. Inajuaje? Kwa sababu kalenda haihifadhi saa peke yake, huihifadhi pamoja na mahali. Ndani ya mwaliko mna maandishi kama Africa/Nairobi, na simu iliyoko Bujumbura hupiga hesabu yenyewe. Majina hayo hutoka kwenye orodha ya saa za dunia inayotunzwa chini ya IANA. Africa/Bujumbura imo, imeunganishwa na Maputo, maana miji hiyo miwili inafuata saa moja.

Kwenye orodha ya Windows, Bujumbura haimo. Anayeitafuta akaikosa huchagua Nairobi, jina analolijua, kisha anaona saa imezidi na kuirudisha nyuma kwa mkono. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Saa iliyo pembeni mwa kioo inalingana na ya mkononi, lakini kompyuta bado inaamini iko Nairobi. Kuanzia siku hiyo, miadi utakayoandika saa 4 kwenye kompyuta itafika kwenye simu ikiwa saa 3, na utakayoandika saa 4 kwenye simu itaonekana saa 5 kwenye kompyuta. Ukiona miadi inatangulia ikienda huku na inachelewa ikienda kule, umeshapata chanzo.

Chagua mstari wa UTC+02:00 unaotaja Harare na Pretoria, kisha iache kompyuta ijiwekee saa yenyewe kutoka kwenye intaneti. Cairo nayo iko kwenye UTC+02:00 na watu wengi huiona kwanza, lakini iepuke: Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023, na Ijumaa ya mwisho ya Aprili kompyuta yako itaruka saa moja mbele pamoja na Wamisri. Kisha fanya kazi ambayo mafundi wengi huiacha: pitia miadi yote iliyoandikwa kwenye kompyuta hiyo wakati wa kosa. Kurekebisha mipangilio hakuirekebishi. Ilihifadhiwa kwa saa ya Nairobi, na itabaki hivyo mpaka mtu aifungue moja moja.

Kwenye iPhone kosa la namna hii hujificha zaidi. Mipangilio ya Kalenda ina sehemu ya kuifunga kalenda kwenye mji mmoja, hata simu ikisafiri. Aliyeifunga Nairobi wakati wa safari akasahau, saa ya simu yake itakuwa sahihi na kalenda yake itakosea.

Kuna mabadiliko mengine ambayo si kosa la mtu. Kikao cha kila wiki kilichopangwa na ofisi ya Brussels saa 4 asubuhi kitakuwa saa 4 Bujumbura majira ya kiangazi, na saa 5 baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ubelgiji inaporudisha saa nyuma. Kikipangwa kutoka Bujumbura, ni watu wa Brussels watakaohamishwa. Wekeni wazi mapema kikao kinafuata saa ya nani.

Na kwa kuwa tunahesabu saa kuanzia macheo, kumbuka kwamba programu haifanyi hivyo. Saa 4 asubuhi iandikwe 10:00. Anayeandika 04:00 ataamshwa na simu alfajiri.

Miadi ya siku nzima, kama Sikukuu ya Uhuru tarehe 1 Julai, inapaswa kubeba tarehe tu bila saa. Ukiona imeanza saa 5 usiku wa tarehe 30 Juni, imeingizwa kama saa 24 za Nairobi. Ifute, uiandike upya.

Miadi isiyoonekana kabisa ina sababu nyingine. Mara nyingi iliandikwa kwenye kumbukumbu ya simu badala ya akaunti, na kilicho kwenye kumbukumbu ya simu hakiendi popote. Au barua pepe iliunganishwa kwenye Outlook kwa njia ya IMAP, ambayo hubeba barua tu. Kalenda inayoonekana pale ni ya kompyuta hiyo peke yake. Fanya jaribio: andika miadi moja kwenye simu, kisha fungua kalenda ya akaunti hiyo kwenye kivinjari. Isipokuwepo, tatizo liko kwenye simu. Ikiwepo kwenye kivinjari lakini haimo kwenye programu ya kompyuta, iache simu ya watu.

Kwenye simu, angalia kama usawazishaji wa kalenda umewashwa, kisha kiokoa betri na kiokoa data, ambavyo huzuia programu kufanya kazi chinichini. Ukiwa na kifurushi cha WhatsApp pekee, ujumbe utaingia vizuri na kalenda itabaki kama ilivyokuwa jana.

Fundi akikwambia ufute akaunti uiweke upya, mzuie kwanza. Mara nyingi dawa hiyo inafanya kazi, lakini mabadiliko ambayo hayajafika kwenye seva yatapotea pamoja na akaunti. Washa Wi-Fi, nakili pembeni miadi isiyoonekana kwenye kivinjari, ndipo ufute.