Je, Wajua? Ubongo Mmoja, Majina Chungu Nzima

Kichwa kimoja, lugha nne
Ukiumia kichwa Gihundwe, wilayani Rusizi kando ya Ziwa Kivu, kilichomo fuvuni kinaweza kutajwa kwa majina manne kabla hujarudi nyumbani: ubwonko kwa Kinyarwanda, ubongo kwa Kiswahili, cerveau kwa Kifaransa na brain kwa Kiingereza. Zote nne ni lugha rasmi za Rwanda, na Kiswahili kilipitishwa na Bunge mwaka 2017.

Ndugu wa tumbo moja
Ubwonko wa Kinyarwanda, obwongo wa Kiganda na ubongo wa Kichewa kule Malawi ni ndugu wa damu wa ubongo wetu. Wabantu walitawanyika, neno wakaondoka nalo. Dar es Salaam ikalipa heshima ya pekee: mji unaotaka akili ukaitwa Bongo, na muziki wake Bongo Fleva!

Uboho wa fuvu
Maandishi ya kale zaidi yanayojulikana kuutaja ubongo yaliandikwa hapa hapa Afrika. Ni hati ya mafunjo ya Misri yenye umri wa miaka takriban 3,600, iitwayo Edwin Smith, na jina lililotumika humo hufasiriwa "uboho wa fuvu". Warusi nao hadi leo wana neno moja, mozg, kwa ubongo na kwa uboho wa mfupa. Aliyewahi kupasua kichwa cha mbuzi jikoni ataelewa mara moja.

Mdogo kwa jina tu
Kisogoni kuna sehemu ambayo Kilatini huiita cerebellum, yaani "ubongo mdogo". Wajerumani husema Kleinhirn, Wachina xiaonao, maana ni ile ile. Sehemu hiyo ni kama asilimia 10 tu ya uzito wa ubongo, lakini ina takriban seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86. Ni sawa na nyumba ya vyumba kumi ambamo watoto wanane kati ya kumi wanalala chumba kimoja! Na cerveau, neno la Kifaransa la ubongo mzima, lilizaliwa kutokana na jina la huyo "mdogo".

Farasi wa baharini mlimani
Gihundwe iko mbali na bahari, lakini kila mkazi wake ana farasi wa baharini wawili kichwani. Katika karne ya 16, Giulio Cesare Aranzi wa Bologna aliona sehemu iliyojikunja kama samaki huyo, akaiita hippocampus. Ndiyo inayokusaidia kukumbuka ulichokula jana. Mbele yake kuna amygdala, neno la Kigiriki la lozi, tunda lile lile la kwenye halua. Hiyo hukushtua unapoona nyoka njiani.

Mama ndani ya fuvu
Utando mgumu unaofunika ubongo Wafaransa huuita dure-mère, "mama mgumu". Mama huyo ni Mwarabu! Matabibu walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ali ibn al-Abbas al-Majusi wa karne ya 10, waliuita umm, yaani mama. Stefano wa Antiokia alipotafsiri kitabu cha Ali kwa Kilatini mwaka 1127, mama akahamia Ulaya.

Ugonjwa mmoja, anwani mbili
Tando za ubongo zikivamiwa na vijidudu, Mnyarwanda husema mugiga, Mswahili husema homa ya uti wa mgongo. Jina letu linaelekeza mgongoni, kumbe ugonjwa hushika tando za ubongo na za ugwe mgongo pamoja. Mama aliyevuka daraja kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na mtoto anayeungua kwa homa, shingo imekakamaa, atasema jina la kwao, la Kiswahili. Basi jifunze majina yote mawili, umfundishe na jirani: kwa ugonjwa huu, kueleweka mapema ni nusu ya tiba.