Ua wa Malisho Haumaliziki Siku ya Kujengwa

Katika nyanda za Usukuma, kiangazi kinapokaza, mpita njia huona nchi mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Upande huu ardhi i tupu na vumbi linapaa; upande wa pili nyasi kavu zimesimama. Baina yake hapana mto wala kilima. Pana mstari wa minyaa, na ahadi ya watu. Malisho hayo Wasukuma huyaita ngitili: hufungwa mvua zinapoanza, hufunguliwa yapata Julai au Agosti, ili maksai wa jembe, ng'ombe wa maziwa na ndama wasife njaa.

Yafaa tukumbuke jinsi ahadi hiyo ilivyopata kuvunjika. Zamani za ukoloni miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o. Mashamba ya pamba nayo yakapanuka. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi, tuseme kweli, ziliachwa bila mlinzi. Mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uitwao HASHI, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Ulipokwisha mwaka 2004, ilikadiriwa kwamba zimepita hekta 300,000. Fedha peke yake haziwezi kazi hiyo. Wananchi waliirudia desturi waliyoijua, na mabaraza yao yakamtoza faini kila aliyeingiza mifugo kabla ya wakati.

Basi, tujifunze nini? Kwanza, kila nchi hujenga ua kwa kitu ilicho nacho. Hata seng'enge ilizaliwa na shida: Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, Marekani, alipewa hataza yake mwaka 1874, kwa sababu nyanda zile hazikuwa na miti ya kutosha kufanyia nyua. Kwetu, aliye na fedha na anunue seng'enge. Asiye nazo asikate tamaa, maana mnyaa hautaki fedha ila jasho. Vikonyo vyake hukatwa, huachwa siku chache jeraha likauke, kisha hupandwa karibu karibu mwanzo wa mvua. Ng'ombe hawaupendi, na ukame hauuwezi. Lakini utomvu wake hudhuru macho vibaya. Mkataji na ajihadhari, na watoto wakae mbali. Kurundika matawi ya migunga kila mwaka ni kazi ya hasara: mchwa huyala, nasi twarudi porini kukata miti ile ile tunayotaka kuihifadhi.

Pili, ajengaye kwa nguzo na waya asifanye haraka. Nguvu ya ua wote i katika nguzo za pembeni. Hizo zichimbiwe chini zaidi kuliko nyingine na kuegemezwa kwa mti wa mshazari, kwa kuwa ndizo zinazobeba mvuto wa waya. Udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, usimwagwe wote mara moja. Waya upigiliwe upande waliko ng'ombe, ili fahali akiusukuma aukandamize kwenye nguzo badala ya kung'oa misumari.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ua haumaliziki siku ya kujengwa. Siku hiyo watu huja wengi, huchinja mbuzi na kupongezana. Mwaka wa pili nguzo moja huliwa na mchwa, waya hulegea, ng'ombe mmoja hupenyeza kichwa, na kesho yake kundi zima li ndani. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hapana budi awepo mtu aliyetajwa kwa jina, mwenye zamu ya kuuzunguka ua kila juma na kila baada ya dhoruba, akiwa na nyundo, misumari na kipande cha waya. Kazi ya wote isiyo na zamu ni kazi isiyo na mtu. Penye pengo la minyaa na papandwe mwingine mvua zijazo. Vichuguu vya mchwa vibomolewe mapema.

Neno la mwisho ni la haki. Ua ni ngao, lakini mikononi mwa mwenye choyo hugeuka kuwa unyang'anyi. Akitokea tajiri akazungushia waya ardhi ya kijiji, akaziba mapito ya mifugo kwenda majini, jirani zake hawataulinda ua huo, wataukata usiku. Tumekwisha kuona mara nyingi mno wakulima na wafugaji wakimwaga damu kwa ajili ya mpaka usiojulikana. Kwa hiyo, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, mkutano wa kijiji na ukae, mpaka utembelewe kwa miguu, njia ya maji iachwe wazi, na siku ya kufungua ijulikane kwa mwenye ng'ombe mia na kwa mwenye mmoja.

Ndugu, hata mfanyakazi wa mjini anywaye chai ya maziwa asubuhi hunufaika na ua asiouona. Na msimu wa mvua ukikaribia, kila kijiji chenye malisho kijiulize: nguzo zetu zasimama? Na zamu ya juma hili ni ya nani?