Hadithi za jadi zinavyohifadhi maarifa ya vyakula vya asili

Katika Kaunti ya Homa Bay, kilomita chache kutoka mji wa Kendu Bay, lipo ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Wanajiolojia wanaeleza kwamba ni maji yaliyojaa katika kasoko ya volkano. Maji hayo ni ya magadi, na kuna misimu ambapo kingo zake hugeuka waridi kwa wingi wa heroe wanaofika kujitafutia chakula. Wazee wa Kiluo wana maelezo mengine. Wanasimulia kwamba mahali hapo palikuwa na kijiji, na jioni moja, wenyeji wakiwa katika sherehe ya pombe, alifika bikizee mchovu mwenye njaa akaomba chakula na mahali pa kulala. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha na kumlisha, naye bikizee akamwonya aondoke kijijini kabla usiku haujapevuka. Mvua ikanyesha, na kijiji chote kikazama pamoja na waliokuwamo. Jina lenyewe la ziwa limebeba maana hiyo ya kuzama.

Simulizi hii huhesabiwa katika vitabu vya fasihi simulizi kuwa kisasili au hekaya ya mahali. Hata hivyo, kiini chake ni chakula: nani ana haki ya kukipata, nani ana wajibu wa kukitoa, na jambo gani huifika jamii inayomnyima mgeni mwenye njaa. Mtoto aliyeisikia usiku na kuliona ziwa lenyewe asubuhi hakuhitaji kuelezwa tena kwa nini chungu hakifunikwi mgeni anapobisha hodi.

Uhusiano huu kati ya hadithi na chakula umepata uzito mpya katika shughuli za umma. Mwezi Desemba 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mpango wa Kenya wa kuendeleza vyakula vya asili na kuhifadhi desturi zake katika Rejista ya Mifano Bora ya Uhifadhi wa urithi usioshikika. Chanzo cha mpango huo ni mwaka 2007, Kenya ilipotambua kwamba aina za vyakula vya asili zilikuwa zikipungua, na kwamba maarifa yanayoambatana navyo yalikuwa yakipotea pamoja navyo. Jamii zilishirikishwa kuorodhesha vyakula na matumizi yake, na wanafunzi wa shule za msingi wakawa miongoni mwa waliokusanya maarifa hayo kutoka kwa wazee wao. Mboga kama mnavu, mgagani, mrenda na kunde, ambazo kwa miaka mingi zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini, zimerudi katika masoko na hata katika hoteli za mijini.

Mwananchi anaweza kuuliza: hadithi zinaingiaje katika suala la mboga na nafaka?

Jibu la kwanza limo katika mazingira ya usimulizi wenyewe. Katika jamii nyingi za Kenya hadithi zilisimuliwa usiku, na kuzisimulia mchana lilikuwa jambo la mwiko, maana mchana ulikuwa wakati wa kulima, kuchunga na kuchota maji. Mtama na maharagwe makavu huhitaji saa nyingi juu ya mafiga, na watoto wenye njaa walizuiwa kusinzia kabla ya mlo kwa kusimuliwa hadithi moja baada ya nyingine. Kwa Waluo, usimulizi uliendelea baada ya chakula katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala na kufunzwa mambo ya maisha. Katika baadhi ya sehemu zinazozungumza Kiswahili, hata kianzio cha paukwa na pakawa huendelea kwa kutaja sahani ya mchele, kana kwamba msimulizi anawaandalia wasikilizaji mezani. Kwa hiyo jiko na simulizi vilikuwa chini ya mamlaka ya mtu mmoja, na kwa kawaida mtu huyo alikuwa bibi. Alipoondoka bila mrithi, vyote viwili viliondoka.

Jibu la pili limo ndani ya hadithi. Chukua ile ya zimwi na mke wa mhunzi, ijulikanayo sana miongoni mwa Wagikuyu. Mhunzi alisafiri kwenda kufua chuma mbali na kwake, akamwacha mkewe mjamzito. Zimwi likafika, likajifanya msaidizi, likamzalisha. Kuanzia hapo lilileta kuni, likapika, kisha kila mara likamkaribisha mama mzazi kula na papo hapo kukila chakula hicho lenyewe kwa kisingizio kwamba yeye amekikataa. Mama akadhoofu. Siku moja, akianika mbegu za mbarika juani, njiwa alikuja kuzidonoa. Alimpa mbegu hizo kuwa ujira, naye njiwa akaruka hadi kiwandani kwa wahunzi kupeleka habari. Mume alirudi kwa siri, akalivizia zimwi na kuliua.

Wengi wetu tuliisikia hadithi hii tukiwa watoto na tukakumbuka zaidi jinsi zimwi lilivyouawa. Anayeisikiliza akiwa mtu mzima huona jambo jingine: adui wa mama aliyejifungua hapa ni mtu aliye ndani ya nyumba, anayepika, anayepakua, na anayeonekana na majirani kuwa anatoa huduma. Ni maelezo makali kuhusu unyimwaji wa chakula nyumbani, na yaliwafikia wavulana na wasichana kwa pamoja kabla hawajafikia umri wa kuoa au kuolewa. Hadithi hiyo ilikwenda sambamba na desturi ya kumpa mama mzazi chakula maalumu. Kwa Wagikuyu, chakula kilichoheshimiwa zaidi kwa hali hiyo kilikuwa njahi, jamii ya kunde nyeusi yenye mstari mweupe ambayo kwa Kiswahili huitwa fiwi. Heshima ya njahi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mlima wa Ol Donyo Sabuk huitwa Kianjahi kwa Kigikuyu. Katika karne ya 20 maharagwe ya kawaida yalichukua sehemu kubwa ya nafasi ya njahi mashambani, lakini hadi leo jamaa wanaomtembelea mama aliyejifungua bado huitafuta sokoni, na baadhi yao hawawezi kueleza sababu.

Asali nayo ina hadithi zake. Katika ngano maarufu ya pwani, Sungura anawaalika wenzake, kwanza Buku na baadaye Kobe, kula asali iliyomo katika mbuyu anaodai kuwa ni urithi wa baba yake. Wanapanda na mienge ya nyasi, wanawafukiza nyuki kwa moshi, wanaanza kula. Ndipo mwenye mali, Simba, anapotokea chini ya mti. Msikilizaji mdogo hucheka kwa hila za Sungura za kujinusuru, na wakati huohuo amekwisha kujifunza kwamba nyuki hupenda kukaa katika matundu ya mibuyu, kwamba moshi ndio unaowatuliza, na kwamba mzinga una mwenyewe hata kama haonekani. Hilo la mwisho lilikuwa suala la sheria. Katika jamii zinazotegemea asali, kama Waogiek wa msitu wa Mau, ugawaji wa maeneo ya mizinga kwa koo ulikuwa jambo zito, na asali iliingia katika chakula, pombe ya sherehe na taratibu za ndoa.

Simulizi nyingine ya asali, inayopatikana katika sehemu nyingi za Afrika, inamhusu ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga. Inasemwa kwamba mrinaji asiyemwachia ndege huyo kipande cha sega ataongozwa safari ijayo hadi kwa nyoka au simba. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walilichukulia jambo la ndege kuongoza watu kuwa ni porojo za warinaji. Mwaka 1989, mtafiti Mkenya Hussein Isack, aliyekuwa wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa warinaji wa Kiborana kaskazini mwa nchi. Ilibainika kwamba katika maeneo wasiyoyafahamu, warinaji walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, lakini saa 3.2 walipoongozwa naye. Utafiti huo haukuthibitisha kisasi cha simba, na hapana haja ya kuuthibitisha. Onyo la simba ni njia ya kumkumbusha mrinaji kulipa ujira wa anayemsaidia.

Hadithi pia husafiri, na zinapohamia kwingine hubadilisha chakula kilichomo. Mfano mzuri ni ule wa kima aliyefanya urafiki na papa, kisha papa akataka kumpeleka baharini ili atolewe moyo. Ngano hiyo imo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870, lakini asili yake ni ya mbali zaidi. Katika Panchatantra ya Bara Hindi, tumbili yuko juu ya mzambarau na rafiki yake ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichoingizwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, mti ni mtini na rafiki ni kasa. Ilipofika kwetu, mti ukawa mkuyu, uliopanda ufukoni na kuinamia bahari, na rafiki akawa papa. Wasimulizi wa pwani walichagua mti ambao kila msikilizaji aliujua na alikwisha kula matunda yake, hasa wakati wa uhaba. Na ni jambo la kupendeza kwamba mtini na mkuyu ni miti ya jamii moja.

Kwa sababu hiyo hadithi inaweza kusomwa kama kumbukumbu ya kilichokuwa shambani na porini wakati iliposimuliwa. Mahindi, ambayo leo ndiyo unga wa kila nyumba, yana asili ya Meksiko na yalitufikia kwa njia ya bahari katika karne za karibuni. Hadithi inayotaja wimbi, mtama au viazi vikuu mahali ambapo sasa hulimwa mahindi pekee inampa mtaalamu wa kilimo dokezo lisilopatikana katika jalada lolote la serikali. Dokezo hilo lina maana kubwa zaidi katika maeneo kame, ambako mtama na wimbi huvumilia ukame kuliko mahindi.

Ni sharti isemwe pia kwamba si kila kilichohifadhiwa katika simulizi na miiko kinastahili kuendelezwa. Zipo jamii, miongoni mwake Waluhya, ambako kwa vizazi vingi wanawake walizuiwa kula kuku, ingawa wao ndio waliomfuga, kumchinja na kumpika. Hadithi zilitumika kuutetea mwiko huo kwa kuwatisha wasichana. Ibara ya 2 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inabatilisha desturi yoyote inayokwenda kinyume na Katiba, na Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kuinakili hadithi kama hiyo kwa ajili ya kumbukumbu ni jambo moja. Kuifundisha kama mwongozo wa maisha ni jambo jingine.

Katiba hiyohiyo imeweka utamaduni na mbegu chini ya paa moja. Ibara ya 11, inayoutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, inalitaka Bunge kutunga sheria za kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na pia za kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji na sifa zake. Mwaka 2016 ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni, Nambari 33. Kwa mujibu wake, hadithi, hekaya na vitendawili ni maonyesho ya utamaduni, ilhali maarifa ya kilimo na ya mazingira ni maarifa ya jadi. Anayetaka kuvitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya kimila, anapaswa kupata idhini ya jamii husika kwanza, ikiwa imeelezwa kikamilifu jambo linalokusudiwa. Serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuweka rejista.

Mkusanyaji wa hadithi ya zimwi anaweza kuiandikisha kama fasihi na kusahau kuuliza mama mzazi alikuwa akipikiwa nini. Mkusanyaji wa mboga anaweza kuandika jina la mnavu na asijue kwamba kuna ngano inayoeleza majira ya kuuchuma. Walimu na wanafunzi wanaofanya kazi hii nyanjani wanashauriwa kuyachukua yote mawili katika kikao kimoja: waandike jina la msimulizi kwa ridhaa yake, mahali na tarehe, waandike hadithi kwa lugha iliyosimuliwa kabla ya kuitafsiri, kisha waulize kila chakula kilichotajwa kilipatikana wapi, kilipikwaje, kililiwa na nani na msimu gani, na kama bado kipo. Inapowezekana, tawi la mmea lichumwe na kukaushwa kati ya karatasi ili litambuliwe na wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kutumika kwa mimea miwili tofauti katika vijiji vinavyopakana. Kazi hiyo ifanyike jioni ikiwezekana, kwa sababu wapo wazee ambao hadi sasa hawakubali kusimulia mchana.