Siku ya Kwanza, Omba Ufagio

Haya, sogeeni. Leo nawaeleza habari za mtoto wa mji wetu wa Kasongo, huku mashariki mwa Kongo, anayekwenda kusoma nje ya nchi na kukaa kwa watu. Simpeleki mbali. Namvusha Ziwa Tanganyika tu, hadi Ujiji, pembeni mwa Kigoma, Tanzania. Najua wengine mngependa Ulaya. Tutafika huko pia, tukae kidogo, turudi.

Safari mnaijua au mmeisikia. Pikipiki mpaka Kabambare, na wakati wa mvua mnaisukuma zaidi ya kuipanda. Kisha gari la mizigo kuelekea Fizi, halafu Baraka au Uvira, na hapo boti. Wengine hupitia Kalemie.

Njia hiyo ni ya zamani kuliko mipaka. Katika karne ya 19, Tippu Tip na wenzake wa pwani walipoifanya Kasongo makao yao, misafara ya pembe za ndovu ilitoka huku, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa, ikatua Ujiji, ikaendelea Tabora hadi pwani. Waliobeba mizigo hiyo wengi walikuwa watu wa kwetu. Wako waliokwenda kwa ujira, wako waliokwenda kwa minyororo. Anayewasimulia nusu moja tu mwulizeni nusu ya pili iko wapi. Wengi hawakurudi. Walibaki Ujiji na Tabora, wakafika hata Dar es Salaam na mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura, wakaitwa Wamanyema, na vitukuu wao wanajiita hivyo hadi leo. Julai 1871 msafiri Livingstone alikuwa Nyangwe, huku kwetu, akaona watu wakiuawa sokoni, akaondoka kurudi Ujiji, na huko ndiko mwandishi wa habari Stanley alikomkuta mwaka huohuo. Mnara wa kukumbuka mkutano wao upo. Watalii hupiga picha mnara. Wewe tazama nyumba za jirani, maana huenda anayekupokea ana bibi anayekutajia kijiji cha Kabambare ambacho yeye mwenyewe hajakiona.

Umefika, umekula, umelala. Asubuhi unaamshwa, saa ya ukutani inasema kumi na mbili, na nje ni giza tupu. Utadhani wamekosea. Kasongo saa kumi na mbili kumekwisha kupambazuka na jogoo wamechoka kuwika.

Hawakukosea. Ujiji iko mashariki ya Kasongo, kwa hiyo jua huwafikia wao kwanza, kama dakika kumi na mbili kabla yetu. Lakini saa haifuati jua la mji wako, inafuata uamuzi wa serikali. Tanzania nzima, kuanzia pwani mpaka Kigoma, hutumia saa ileile, na saa hiyo inalingana zaidi na jua la pwani. Ujiji, iliyo ukingoni kabisa magharibi, inabaki na saa inayokimbia mbele ya jua lake. Kwetu Kongo saa ni mbili: ya Kinshasa, na ya huku mashariki iliyo mbele yake kwa dakika sitini. Ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa dakika sitini nyingine. Ndiyo maana Ujiji jua huchomoza karibu saa moja, na magharibi nayo huingia karibu saa moja jioni. Simu ikishika mtandao wa kule kwa kawaida hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi uliyopewa na mjomba siku ya kuagana haina akili hiyo, na ukiifuata utafika shule wenzako wametoka mstarini.

Ukitoka chumbani usipite wakubwa kimya. Kule mkubwa huamkiwa "shikamoo", naye huitikia "marahaba". "Jambo" yetu, ambayo huku humtosha hata mzee, kule wameiachia watalii.

Sasa kazi. Mnaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naipenda, ila nawakumbusha kwamba walioitunga ni wenye nyumba. Hakuna kinachomlazimisha mgeni kungoja hiyo siku ya tatu. Asubuhi ya kwanza mama mwenye nyumba atakwambia, "Pumzika, mwanangu, umechoka na safari." Anasema kweli, na papo hapo anakutazama. Watoto wake wamegawana kazi zamani: huyu maji, yule vyombo, mwingine kuku. Usiende moja kwa moja kushika sufuria, maana jikoni kwa mtu huingii mpaka uitwe. Omba ufagio. Anza mlangoni, fagia ukirudi nyuma ili usikanyage ulipokwisha kupita, kusanya majani ya mwembe pembeni, kisha uliza, "Yanatupwa wapi?" Kuna shimo, au kuna mahali pa kuchomea, au mbuzi wa jirani wanayangoja, kila nyumba ina utaratibu wake. Mtoto wa nyumba atakuja kukuonyesha, na mkirudi mtakuwa mnazungumza. Sijaona njia fupi zaidi ya kupata rafiki kwa watu.

Chakula hakitakusumbua. Bugari utaikuta ikiitwa ugali, sombe kisamvu, mawese yapo, na samaki wametoka ziwa hilohilo.

Kitakachokusumbua ni darasa. Huku masomo yako yamekuwa kwa Kifaransa. Kule shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Unaweza kulijua jibu la hesabu na usielewe swali limeuliza nini. Usinyamaze ukajifanya umeelewa; mwambie mwalimu unatoka wapi na ulifika wapi. Na njiani angalia: magari kule hupita kushoto. Unapoanza kuvuka, la kwanza linakujia kutoka kulia, upande ambao mtoto wa Kasongo hakuzoea kuutazama kwanza.

Ulaya niliwaahidi. Paul Panda Farnana alizaliwa 1888 Nzemba, karibu na Banana, mahali mto wetu unapoingia baharini. Mwaka 1900, Panda akiwa na miaka kama kumi na miwili, ofisa Mbelgiji Jules Derscheid alimchukua hadi Ubelgiji, na dada wa ofisa huyo, Louise, akamlea Brussels. Louise alimfundisha muziki na kuchora, naye akasoma shule ya Ixelles. Mwaka 1907 alihitimu kilimo cha bustani Vilvoorde, na mwaka 1909 akarudi Kongo kufanya kazi katika bustani ya Eala. Baadaye, 1919, alianzisha kule Brussels chama cha Union Congolaise, akadai Wakongo wasomeshwe. Louise alimlea vizuri, sina ubishi. Lakini mtoto mweusi katika Kongo ya Leopold hakuwa mtu wa kuulizwa anataka kwenda wapi, na Brussels ya mwaka ule haikuwa na mtaa wa Wamanyema wa kumwonyesha majani yanatupwa wapi. Wewe uliulizwa, ukaitikia. Mimi naiona tofauti hiyo kubwa kuliko tofauti ya Brussels na Ujiji.

Zimebaki karatasi, na hapa msisinzie. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wako wanaodhani mpaka umefutwa. Haukufutwa. Mwanafunzi anahitaji hati yake ya kusafiria na kibali cha kukaa kwa ajili ya masomo. Mwenyeji wako atakupeleka pia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye kule ndiye kama shefu wa kartie wetu. Nenda mwenyewe, useme jina lako kwa sauti, useme unakaa nyumba ya nani. Siku ukipotea njia au ukigombana na mtu sokoni, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa kama anakujua.

Na nyumbani utapiga simu, bila shaka. Siku za mwanzo kila kitu ni kipya na huoni uchungu. Kiherehere kikiisha ndipo utakapotaka kulia. Ukiugua, au ukishindwa kula, mwambie kwanza mama mwenye nyumba, kisha umpigie mama yako. Wa Kasongo atakosa usingizi tu. Wa Ujiji atajifunga kanga akupeleke zahanati.