Mikoa Imebadilika, Je, Funguo za Takwimu?

Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilikoma, mahali pake pakashikwa na mikoa 5, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2023. Tarafa nazo zilipunguzwa kutoka 119 hadi 42. Muyinga, ambao ulikuwa mkoa, umeingia katika mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na jina lake limebaki kuwa la tarafa. Gitega nao umetanuka, ukachukua Karusi, Muramvya na Mwaro. Katika mabadiliko kama hayo vibao hupakwa rangi upya na mihuri huchongwa upya, na kila mpita njia huona. Lipo lakini jambo moja lisiloonekana barabarani, nalo ni ruhusa zilizomo ndani ya kompyuta. Juu ya hilo twapenda kuzungumza leo na ndugu zetu askari na polisi, kwa kuwa ndilo laweza kutudhuru kimya kimya.

Siku hizi ripoti ya mwezi haiji kwa karatasi peke yake. Hesabu ya mafuta, ya vipuri, ya chakula au ya wagonjwa huingizwa katika jedwali, kisha programu ya ripoti hulichora jedwali likawa picha ambayo mkuu aweza kuisoma kwa dakika mbili. Wafanya biashara wengi hutumia Power BI ya kampuni ya Microsoft. Hapa kwetu Wizara ya Afya hutumia DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa taarifa za vituo vya afya. Humo kila mtumiaji hupewa mahali pake: mmoja kituo kimoja, mwingine wilaya, mwingine taifa zima, tena mahali anaporuhusiwa kuandika huweza kutengwa na mahali anaporuhusiwa kusoma tu. Askari aliyewahi kulinda ghala haoni ajabu katika mpango huo. Kuingia ghalani ni jambo moja, kutoa mali ni jambo jingine, na kushika daftari ni la tatu.

Power BI hugawa kazi katika vyumba viitwavyo maeneo ya kazi, na ndani ya kila chumba mna vyeo vinne. Mtazamaji husoma. Mchangiaji hutengeneza na kubadili ripoti. Mwanachama hufanya hayo yote, na zaidi ya hayo aweza kuwaingiza wengine. Msimamizi aweza kumtoa ye yote na hata kukifuta chumba chenyewe. Maoni yetu ni kwamba vyumba vipangwe kwa kazi, wala si kwa watu: chumba cha usafiri, chumba cha chakula, chumba cha afya. Mahali ambapo kila ofisa hujijengea chumba chake, baada ya mwaka mmoja kuna ripoti tano za mafuta zisizolingana hata moja, na mkuu huamini ile aliyoletewa mwisho.

Sasa tuseme makao ya Gitega yana chumba cha usafiri chenye hesabu za nchi nzima, na ofisa wa Muyinga hutakiwa kuona za Muyinga tu. Si lazima ajengewe chumba cha peke yake. Programu huweka uzio juu ya mistari ya jedwali: mstari wenye neno Muyinga apite nao, mwingine asiuone. Ndipo mabadiliko ya mwaka 2025 yanapouma. Iwapo safu ya mkoa imeandikwa majina mapya na uzio bado wataja mkoa wa Muyinga, ofisa huyo hufungua ripoti akakuta utupu, akadhani hakuna lita hata moja iliyotumika. Na fundi akiharakisha, akaandika Buhumuza mahali pa Muyinga, ofisa wa Muyinga huanza kuona na hesabu za Cankuzo na Ruyigi. Kosa la kwanza hupigiwa simu siku hiyo hiyo. La pili hakuna alilalamikiaye.

Kuna siri nyingine ya uzio huu ambayo hata mafundi huisahau: humfunga Mtazamaji peke yake. Mtu akipewa cheo cha Mchangiaji au zaidi ndani ya chumba, uzio haumhusu tena; huona jedwali lote. Nasi twajua jinsi vyeo hivyo hutolewa: kwa heshima. Mkubwa amekuja kutazama, basi fundi huona haya kumwandika Mtazamaji, jina ambalo lafanana na la mtu akaaye jukwaani siku ya gwaride. Yafaa tuzowee kwamba cheo cha kompyuta si nyota ya begani. Jenerali aweza kuwa Mtazamaji na koplo akawa Mchangiaji, pasipo mtu kuvunjiwa heshima.

Jambo la uhamisho nalo lataka mkono mgumu. Ofisa akitoka Muyinga kwenda Gitega hukabidhi bunduki, redio na funguo, na mpokeaji hutia sahihi. Ruhusa ya kompyuta haimo katika hati ya makabidhiano, basi huondoka naye. Akihamishwa mara tatu amekusanya funguo za nyumba tatu. Dawa yake yajulikana: ruhusa isiandikwe kwa jina la mtu, bali kwa kundi lenye jina la kazi, mathalani ofisa usafiri wa Muyinga. Anayeingia kazini huingizwa kundini, anayetoka hutolewa siku ya kukabidhi. Wala ripoti ya ofisi isihifadhiwe katika chumba cha binafsi cha aliyeitengeneza, kwani akiondoka wenzake huachwa mlangoni.

Wako watakaouliza ya nini taabu yote hii kwa hesabu za mafuta na vyakula. Tuwakumbushe yaliyowapata polisi wa Ireland ya Kaskazini mwezi Agosti 2023. Raia aliuliza wako polisi wangapi katika kila cheo. Jibu lilitumwa likiwa na jedwali, na nyuma ya jedwali hilo lilijificha jingine lenye majina ya ukoo, vyeo na mahali pa kazi pa polisi na watumishi wapatao 9,500. Lilikaa hadharani kwa zaidi ya saa mbili, katika nchi ambamo polisi wengine huwaficha hata majirani kazi wanayofanya. Mwaka 2024 jeshi hilo la polisi lilitozwa faini ya pauni 750,000. Kabla ya hapo, Februari 2022, mtumishi mmoja wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza alituma jedwali akidhani lina watu 150 hivi. Kumbe lilikuwa na habari za Waafghanistan wapatao 19,000 walioomba kuhamia Uingereza, wengi wao wakihofia kisasi cha Taliban. Serikali ya huko iligundua mwaka uliofuata, na umma haukuambiwa hadi Julai 2025.

Katika mikasa yote miwili hapakuwa na mwizi. Waliotuma walikuwa na ruhusa ya kulichukua jedwali zima, nao walihitaji sehemu yake tu. Kwa hiyo ruhusa ya kuona picha itengwe na ruhusa ya kuchukua jedwali lililo nyuma yake. Programu hizi huruhusu kufunga mlango huo. Hata hivyo tusizidishe ubahili. Mwenye kunyimwa hesabu ambayo kazi yake yaitaka atamwomba rafiki ampigie picha kwa simu, na picha hiyo haina uzio wo wote.

Imebaki kazi ya miaka iliyopita. Hesabu za kabla ya mwaka 2025 ziliandikwa kwa mikoa 18, na kuzifuta jina ni kuharibu kumbukumbu. Afadhali liwekwe jedwali la pembeni lenye tarafa ya zamani, mkoa wake wa zamani, tarafa mpya na mkoa mpya, na uzio usomwe kutoka humo. Hivyo mtazamaji wa Muyinga akifungua ripoti ya Januari 2024 aikute chini ya mkoa wa Muyinga, na ya Januari 2026 chini ya Buhumuza, tarafa ya Muyinga, bila ya kuhitaji kumpigia simu fundi wa Gitega.